Nguzo Isiyo na Karatasi

Nchi hii mimi sikufika, wala sina safari nayo. Aliyefika ni Kidawa binti Makame, mchoraji wa ramani za majengo, na nitakayoyasema ni aliyoyaona yeye kwa macho yake. Njia aliyopita tuiache. Wasafiri wengi humaliza nusu ya hadithi wakilalamikia vitanda walivyolalia na mbu waliowala, na msikilizaji akabaki hajaijua nchi yenyewe. Tumchukue Kidawa ameshafika, amesimama kwenye lango la Mapandeni na mkoba begani, na bawabu anamwuliza swali wanaloulizwa wageni wote: "Unakwenda karatasi gani?"

Mapandeni ni nchi, na nchi hiyo ni nyumba moja. Sisemi hivyo kwa kupamba maneno. Ni nyumba kweli, yenye kuta na kumbi na nyua na paa, kubwa kiasi kwamba mtu aliyezaliwa upande wa jikoni anaweza kuzeeka bila kuiona sebule. Kabla haijajengwa ilichorwa, na kwa kuwa hakuna karatasi duniani ambayo ingeweza kuibeba, wachoraji wake wa mwanzo waliikata vipande, kila kipande na karatasi yake. Wachoraji wale walikufa, nyumba ikajengwa na bado inajengwa, na watu wakaendelea kuishi kwa karatasi mpaka leo.

Kidawa hakuliona hilo kuwa ajabu, maana kwao ndiyo ilikuwa kazi yake. Akiletewa jengo kubwa, soko au hospitali, alilichora zima ndani ya kompyuta kwa ukubwa wake wa kweli. Kisha alitengeneza karatasi kadhaa, na kila karatasi akaifungulia dirisha la kulichungulia jengo lile: hii inaona upande wa mashariki, hii inaona upande wa magharibi. Pale dirisha linapoishia alipiga mstari mnene wa kukatikakatika na kuandika pembeni, "Tazama karatasi ya pili." Na siku zote aliliacha dirisha livuke mstari kidogo, ili ukingo uonekane kwenye karatasi zote mbili na fundi ajue zinapokutana. Ukingo huo aliuita pindo, kwa sababu mama yake alikuwa fundi cherehani na alimfundisha kwamba vitambaa viwili visipoachiwa pindo havishoneki. Kwa hiyo aliposikia kuna nchi inayoishi kwa karatasi alifurahi sana. Alijiona amekwenda kwa jamaa zake.

Siku za mwanzo alitembezwa. Kila karatasi ni jimbo, na mpaka wake umepakwa rangi nyeusi sakafuni. Mtawala hakai katikati ya jimbo kama watawala wa kwingine. Anakaa kwenye kona ya chini, mkono wa kulia, kwa sababu kwenye ramani hapo ndipo panapoandikwa jina la karatasi na namba yake. Anaitwa Mkuu wa Kona, na kiti chake kimeinuliwa juu ili kionekane kutoka kila mahali pa karatasi yake, na pa karatasi yake tu.

Iko Karatasi ya Undani, iliyochorwa kwa kipimo kikubwa kuliko zote, na ndani yake mna bawaba moja tu ya mlango. Wenyeji wake wanaijadili bawaba hiyo tangu enzi za babu zao. Ni watu wa majivuno, na ukiwasikiliza vizuri hawakukosea sana: bawaba yao ni pana kuliko ua mzima wa Karatasi ya Tatu. Iko pia Karatasi ya Nne, iliyolazwa ubavu ili mchoro upate kuenea. Humo jua huwatokea watu kaskazini kila asubuhi, wakapiga miayo na kwenda kazini bila kushangaa.

Lakini karatasi zinazohusika na hadithi hii ni mbili, ya Saba na ya Nane, zinazopakana. Karatasi ya Nane ilichorwa imepinduliwa juu chini. Kwa hiyo ukiwauliza watu wa Saba mpaka wao na Nane uko wapi, watakwambia uko kaskazini. Ukivuka ukawauliza watu wa Nane, nao watakwambia uko kaskazini. Kila upande unajua kwamba wenzao ni watu waliopotea, na wanawahurumia kwa dhati.

Mpaka wa namna hiyo wanauita Mshono. Mtu wa Mapandeni anaweza kuvuka Mshono kwa ruhusa, kwa harusi au kwa msiba, lakini hawezi kuzungumzia kilichoko ng'ambo. Akifika hapo katika maneno yake hukatiza na kusema, "Tazama Karatasi ya Nane." Mtoto akiuliza maji ya mfereji yanatoka wapi, jibu ni hilo. Bwana mmoja aliulizwa mbele ya Kidawa mkewe amekwenda wapi na kwa nini harudi, naye akajibu vivyo hivyo, kwa utulivu, huku akimenya chungwa.

"Mnauita mshono," Kidawa alimwambia mwenyeji wake, "lakini mbona hamkushona kitu?"

Mwenyeji wake alikuwa Bi Time, mama mnene, mcheshi, aliyekuwa akiishi Karatasi ya Saba karibu kabisa na Mshono. Alicheka hata akashika mbavu. Kisha alitazama huku na huku kama kuna aliyesikia, akamwongezea mgeni chai.

Pindo nalo, Kidawa alilitafuta asilione. Alipouliza, alipelekwa kwenye Ngazi Mbili. Hapo zamani, wakati karatasi bado zina pindo, ngazi moja ilionekana kwenye karatasi mbili, na kila karatasi ikaijenga. Ngazi zikasimama zinatazamana, zote zinapanda chumba kimoja. Watu wa karatasi hii hawakukubali kushuka kwa ngazi ya wale, wala wale kwa ya hawa, na waliokutana juu walitukanana hadi kuvunjana meno. Baraza likakaa na kuamua kwamba kosa ni la pindo. Ikapitishwa Sheria ya Kukata Pindo: kitakachoonekana kwenye karatasi moja kisionekane kwenye nyingine, na kila mchoro ukatwe kwa wembe juu ya mstari wenyewe. Tangu siku hiyo hakijajengwa kitu mara mbili, na Mapandeni wanaisifu sana sheria hiyo. Kidawa aliuliza ni vitu vingapi havikujengwa hata mara moja, na aliyekuwa akimtembeza akasema hilo halijawahi kuulizwa.

Desturi moja nyingine lazima niieleze, maana bila hiyo mtanishangaa mbele. Kila adhuhuri hupigwa kengele, na hiyo ndiyo Saa ya Kona. Mkuu hupanda kiti chake, na kila mtu mwingine, alipo na alivyo, husimama na kuelekeza uso kwenye kona anakokaa Mkuu wake, na Mshono akaupa mgongo. Mwenye kijiko mkononi husimama na kijiko. Hakuna kusema wala kugeuka mpaka kengele ya pili. Kugeuza shingo Saa ya Kona ni aibu kubwa, kubwa kuliko wizi, na hata mbwa wa Mapandeni wamezoea kulala wakati huo. Mara ya kwanza Kidawa alibanwa na kicheko mpaka machozi yakamtoka. Mara ya pili alisimama kama wenzake.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe.

Bi Time alikuwa mke wa Bwana Faki, Mkuu wa Kona ya Saba, na walikuwa na mtoto mmoja tu, Mchanga. Mchanga aliolewa Karatasi ya Nane, na mtoto wa Bwana Ussi, Mkuu wa Kona ya huko. Alipopata mimba alirudi kwa mama yake kusubiri kujifungua, kama ilivyo kawaida ya uzazi wa kwanza. Hapo ndipo matatizo yalipoanza. Wodi ya Saba ilimkataa kwa kuwa ni mke wa mtu wa Nane. Wodi ya Nane ilimkataa kwa kuwa ni mtoto wa mtu wa Saba. Naye hakuwa peke yake; wanawake wa Mshono wote walikuwa wakizalia vibarazani, na Bi Time mwenyewe alishazika watoto wawili waliozaliwa hivyo kabla ya kumpata huyu. Basi wakuu wawili, kwa mara ya kwanza, walikubaliana kujenga wodi ya wazazi juu ya Mshono wenyewe, nusu huku, nusu kule. Mchanga ndiye angekuwa wa kwanza kulazwa.

"Karibu nitaingia, shoga," alimwambia Kidawa, akijishika kiuno. "Twende ukaione. Wewe si mtu wa majengo?"

Walikwenda pamoja. Wodi ilikuwa imekaribia kwisha. Zege la paa lilikwisha mwagwa, na chini yake mirunda ilijaa, ile miti ya kulishikilia zege mpaka likauke, mingi hata mtu apite upandeupande. Kidawa alisifu kuta, akasifu madirisha. Kisha akainua macho. Juu yao palipita boriti moja ya zege, nene, imetoka ukuta wa Saba hadi ukuta wa Nane, na uzito wote wa paa umeikalia. Aliifuata kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudia tena. Kwa urefu ule, boriti lazima iwe na nguzo katikati. Katikati, juu ya mstari mweusi wa sakafuni, hapakuwa na nguzo. Palikuwa na mirunda tu, na siku ya kufungua wodi mirunda huondolewa.

Fundi wa Saba alikuwa karibu, anapiga ukuta lipu. "Hapa katikati panakuja nini?" Kidawa alimwuliza.

"Tazama Karatasi ya Nane," alisema fundi.

Kidawa alivuka mstari, akamwuliza fundi wa Nane.

"Tazama Karatasi ya Saba."

Alijua papo hapo kilichotokea. Nguzo ilikuwapo kwenye mchoro mzima, lakini ilikaa sawasawa juu ya Mshono, na wembe wa sheria ulipopita uliiondoa kwenye karatasi zote mbili. Saba walidhani ni ya Nane, na Nane walidhani ni ya Saba. Chini ya pengo lile, mahali pa heshima, palishachorwa kwa chaki kitanda cha mgonjwa wa kwanza. Mchanga alikuwa amesimama ndani ya michoro ya chaki, anatabasamu, anamwonyesha kichwa kitakaa wapi na miguu wapi. Kidawa aliingiwa na hofu, akamshika mkono akamtoa nje.

Alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Faki. Mkuu alikuwa kwenye kiti chake, mtu mrefu, mkimya, mwenye viganja vipana vya mtu aliyewahi kushika kazi. Kabla ya kupewa Kona alikuwa fundi mwashi. Kidawa alimwamkia, akamweleza yote bila kupumua. Alitegemea ashtuke.

"Najua," alisema Bwana Faki.

"Unajua?"

"Tangu walipofunga mbao za boriti. Mwashi haachi kuona nguzo inapokosekana, mwanangu, hata akivishwa joho." Alizungumza kwa sauti ya chini, midomo haichezi. "Lakini niijenge kwa karatasi gani? Nikiagiza fundi wangu ajenge kisichokuwamo kwenye Saba, nimevunja sheria ninayoilinda. Nipatie mchoro wenye nguzo hiyo, nami nitaijenga kesho."

Mchoro mzima ulikuwapo. Kidawa aliuliza, akaambiwa unahifadhiwa kwenye kompyuta ya zamani, ndani ya chumba kilicho chini ya ulinzi wa Bi Mize, Mtunza Madirisha. Alimkuta Bi Mize ameketi mbele ya kioo cha kompyuta, amekipa mgongo, anafuma kitambaa.

"Naomba unifungulie jengo zima," Kidawa alisema. "Mara moja tu, nione katikati ya wodi."

"Nyumba Nzima?" Bi Mize alimtazama kama aliyeombwa kitu cha aibu. "Wataalamu bado wanajadili kama hiyo Nzima ipo. Wako wanaosema karatasi ndizo za kwanza, na Nzima ni mawazo tu ya watu waliozipanga pamoja. Mimi nina madirisha. Nikufungulie la Saba au la Nane?"

"Basi lisogeze la Saba kidogo. Upana wa mkono tu."

"Madirisha yana kufuli, mwanangu."

"Ufunguo uko wapi?"

"Tazama karatasi nyingine," alisema Bi Mize, akarudia kufuma. Nyuma yake kioo kiliwaka kwa utulivu, na pembeni mwa bega lake Kidawa aliona michirizi ya mistari, kuta na kuta na kuta, bila mpaka hata mmoja. Bi Mize alijisogeza akaziba.

Likabaki Baraza. Lilikutana uwanjani mbele ya wodi, Saba wameketi upande wao wa mstari na Nane upande wao, Bwana Faki mbele ya hawa na Bwana Ussi mbele ya wale. Kidawa aliruhusiwa kukaa karibu na Bi Time na Mchanga. Jambo la siku lilikuwa mtoto atakayezaliwa: kwa kuwa kitanda kiko juu ya Mshono, mtoto ni wa karatasi gani?

Walizungumza asubuhi nzima, na kwa heshima kubwa. Msemaji wa Saba alisema mtoto ni wa pale kinapotokea kichwa. Msemaji wa Nane akasema kichwa hutangulia kwa kawaida tu, si kwa sheria, na wako watoto waliotanguliza miguu wakawa watu wazuri. Mwingine alipendekeza kitanda kizungushwe wakati wa uchungu ili pande zote zipate haki sawa. Mzee mmoja akataka ijulikane pia kaskazini ya mtoto ni ipi. Mchanga alisikiliza yote hayo, mkono juu ya tumbo, miguu imevimba ndani ya viatu.

Mwisho Kidawa hakuweza kuvumilia. Aliomba kusema, akapewa nafasi kama mgeni.

"Jamani, msinielewe vibaya. Mtoto mtamgombea akishazaliwa. Lakini paa lile halina nguzo katikati. Mkiondoa mirunda litamwangukia yeye na mama yake."

Msemaji wa Baraza alirekebisha miwani. "Nguzo ya karatasi gani?"

"Ya zote mbili."

"Basi ni nguzo mbili."

"Ni moja, bwana. Iko juu ya mstari."

"Juu ya mstari hapana kitu, mgeni. Ndiyo maana ya mstari." Alisema bila ukali, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. "Nguzo isiyokuwamo kwenye karatasi yoyote haikuwahi kuwapo. Na kitu ambacho hakikuwahi kuwapo hakiwezi kukosekana. Iandikwe kwamba wodi haijapungukiwa na kitu."

Waliinua mikono, Saba wote na Nane wote. Bwana Faki aliinua wake wa mwisho. Ndipo Mchanga akasimama kwa shida.

"Baba," aliita. "Mimi nitalala wapi?"

Bwana Faki alitazama mbele. "Katikati, mwanangu. Kitanda kimeshapangwa."

Ng'ambo ya mstari Bwana Ussi alikuwa akivitazama viganja vyake mwenyewe. Kidawa alikasirika kuliko alivyowahi kukasirika maishani. Alitamani kupiga kelele, alitamani kumbeba Mchanga mgongoni atoke naye nchi ile ya wazimu. Akageuka kumtafuta Bi Time amwambie hivyo, na hapo hapo kengele ya adhuhuri ikalia.

Watu wote waligeuka. Saba walielekea kona yao, Nane kona yao, na wodi ikabaki nyuma ya migongo. Kidawa alisimama kati ya mama na binti, macho kwenye kiti kilichoinuliwa cha Mkuu wa Kona. Ilimchukua muda kuelewa anachokiona.

Kiti kilikuwa kitupu.

Kila mtu wa Saba alikuwa akikitazama kiti kile kitupu, na hakuna aliyekunja uso. Kisha nyuma yao, kutoka wodini, ukasikika mlio anaoujua kila aliyewahi kupita penye ujenzi: mwiko wa chuma ukikwangua jiwe. Ukatulia, ukaja tena. Jiwe liliwekwa juu ya jiwe, likagongwa. Mtu alikohoa, na kikohozi kilikuwa cha Bwana Faki. Sauti nyingine, ya upande wa pili, ikasema polepole, "Nipe timazi, mkwe. Kwako imeinama kidogo."

Shingo ya Kidawa ilianza kugeuka yenyewe. Bi Time alimkamata mkono kwa nguvu.

"Usigeuke, mwanangu," alinong'ona, midomo haichezi, kama mumewe. "Ukigeuka utakuwa umeona. Ukiona, itabidi useme. Ukisema, watalazimika kuivunja."

Machozi yalikuwa yakimtiririka mama yule, naye hakuyafuta, maana kujifuta nako ni kujitikisa. Walisimama. Jua liliwapiga utosini. Kengele ya pili ilichelewa, ikachelewa sana, na mpiga kengele ni mtu asiyejua kuchelewa. Harufu ya wali unaoungua ilitoka kwenye majiko ya karatasi zote mbili. Hakuna aliyelalamika, hata yule mzee aliyeulizia kaskazini ya mtoto, ambaye magoti yake yalikuwa yakigongana. Kengele ilipolia hatimaye na watu wakageuka, Bwana Faki alikuwa kwenye kiti chake, anahema, na saruji mbichi imemganda kwenye pindo la joho.

"Saa ya Kona imekuwa nzuri leo," alisema Msemaji wa Baraza, akajinyoosha mgongo.

Ikawa hivyo kila adhuhuri. Kila siku kiti kilikuwa kitupu, na kila siku mlio wa mwiko ulitoka juu kidogo kuliko jana. Mtu fulani, ambaye hakujulikana, alianza kuacha mawe yaliyochongwa vizuri karibu na mlango. Mtu mwingine aliacha ndoo za maji. Wake wa nyumba zote walijifunza kuinjika chungu baada ya kengele ya pili. Kidawa alipopita wodini alikuta nguzo imekua, nene, mawe yake yamebanana vizuri, na mafundi wanaizunguka bila kuitazama. Fundi wa Saba aliiegemezea koleo lake. Fundi wa Nane, kwenye msumari uliotokeza upande wake, alitundika shati.

Siku ya ufunguzi watu walijaa. Mirunda iliondolewa mmoja mmoja, na kadiri ilivyopungua ndivyo watu walivyoacha kuzungumza. Chini ya boriti walisimama wawili tu, Bwana Faki upande wake na Bwana Ussi upande wake, kila mmoja amejitakia mwenyewe kusimama hapo. Katikati yao palikuwa na nafasi ya kutosha nguzo. Mrunda wa mwisho ulipotoka, vumbi kidogo lilidondoka kwenye bega la Bwana Ussi, naye akafumba macho. Paa halikutikisika.

Watu walishangilia. Msemaji wa Baraza akatoa hotuba ndefu ya kusifu usahihi wa karatasi, akikumbusha kwamba wako waliotia mashaka, na kwamba leo kila mwenye macho anajionea mwenyewe boriti ile ndefu ikisimama bila kitu katikati. Alipochoka kusimama aliegemea nguzo kwa bega, akaendelea kuhutubia.

Mchanga alijifungua salama, mtoto wa kike, mwenye sauti iliyosikika karatasi zote mbili. Suala la mtoto ni wa karatasi gani liliundiwa kamati. Kidawa hakuingoja, kwa sababu likizo yake ilikuwa imekwisha na kwao kulikuwa na soko linalomsubiri kuchorwa. Asubuhi ya kuondoka alipita wodini kuaga.

Alimkuta Mchanga ameshuka kitandani, ameketi juu ya mkeka sakafuni, miguu ameinyoosha, mmoja Saba na mmoja Nane, mtoto ananyonya. Mgongo wake wote ulikuwa umetulia juu ya nguzo. Bwana Faki na Bwana Ussi walikuwa wamechuchumaa pembeni, kila mmoja upande wake, wanabishana kwa sauti ya chini pua ile ni ya ukoo gani.

Kidawa aliinama, akambusu mtoto. Kisha, kwa kuwa alikuwa anaondoka na kwa kuwa ni mchoraji, hakuweza kujizuia. "Na nguzo yenyewe, shoga? Haikuumizi mgongo?"

Mchanga alimtazama rafiki yake kwa mapenzi, akavuta kanga kumfunika mtoto.

"Nguzo ipi tena?" alisema. "Hapa hapana kitu. Nimeegemea tu."

Akajisogeza nyuma vizuri, akafumba macho.